Anzeni na pamba: kwa wanaoanza kusoma Marekani ya kabla ya 1861

Kila mwaka hunijia wanafunzi wawili watatu wanaotaka msaada wa historia ya Marekani, hasa ile miaka ya kuelekea vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wengine wako kidato cha sita, wengine wamefika chuo cha ughaibuni wakakuta somo ni la lazima. Karibu wote huanzia pale pale nilipoanzia mimi: Kaskazini watu wema, Kusini watu wabaya, Lincoln akatokea, watumwa wakawa huru. Insha yangu ya kwanza ilikuwa hivyo hivyo, kurasa sita. Mwalimu aliirudisha bila alama, ila pembeni kulikuwa na swali moja la kalamu nyekundu: "Na hiyo pamba ilinunuliwa na nani?"

Nilinuna wiki nzima. Leo swali hilo ndilo ninalowapa wageni siku ya kwanza.

Ukitoka Shinyanga au Simiyu huhitaji maelezo marefu: shida ya pamba ni mbegu. Aina iliyostawi mbali na pwani, huko Kusini mwa Marekani, ilishikana na mbegu zake kiasi kwamba mtu mmoja akichambua kwa mkono, siku nzima aliishia kwenye ratili moja hivi. Mwaka 1793 Eli Whitney akatengeneza mashine ndogo ya kuchambulia, na ratili moja ikawa hamsini. Kabla ya hapo wengi walidhani utumwa utajifia wenyewe, maana tumbaku ilikuwa imeichosha ardhi ya Virginia. Mashine ile ilirahisisha kuchambua, lakini kupanda, kupalilia na kuchuma vilibaki kazi ya mikono, na mikono ikawa inatafutwa kwa bei yoyote. Marobota yalikuwa elfu chache mwaka 1790. Mwaka 1860 yalikaribia milioni 4. Watumwa walikuwa kama 700,000, wakafika karibu milioni 4 nao.

Hapo mgeni hujikwaa. Kuingiza watumwa kutoka nje kulipigwa marufuku kuanzia 1808, sasa hao mamilioni walitoka wapi? Walizaliwa humo humo, wakauzwa humo humo. Watu wapatao milioni moja walihamishwa kutoka Virginia, Maryland na jirani zake kupelekwa Alabama, Mississippi na Louisiana, wengine kwa mguu wakiwa wamefungwa minyororo, wengine kwa meli hadi mnada wa New Orleans. Virginia, tumbaku ilipolegea, biashara yake kubwa ikawa watu.

Ukipata nafasi, tafuta ukurasa mmoja wa sensa ya watumwa ya 1860. Mimi niliutazama saa nzima nikasahau chai. Jina la mmiliki limeandikwa kwa mwandiko mzuri. Chini yake ni mistari tu: umri, jinsia, rangi. Majina hakuna. Mtoto wa miezi minne umri wake umeandikwa kama sehemu ya mwaka, nne juu ya kumi na mbili, kama bei ya kitu. Mwishoni kuna safu ya idadi ya nyumba za watumwa. Ukishauona ukurasa ule utaelewa kwa nini benki zilikubali kuwapokea watu hao kuwa rehani. Kwenye hesabu za mwenye shamba, watumwa ndio waliokuwa mali yenye thamani kuliko ardhi yenyewe mara nyingi, na mikopo yake iliegemea hapo. Mtu wa namna hiyo ukimwambia utumwa hautaenea tena, anasikia kwamba utajiri wake umewekewa dari.

Jambo jingine linatuhusu sisi tunaosoma kwa Kiswahili. Neno "mtumwa" linatudanganya. Tukilisoma, akili inakwenda Unguja, kwa watwana, wajakazi na masuria. Sisemi wa kwetu ulikuwa mwepesi. Karafuu za Unguja na Pemba hazikulimwa kwa hiari. Ila sheria zilitofautiana. Suria akimzalia bwana wake mtoto, naye bwana akamkubali, mtoto alikuwa huru. Masultani Majid na Barghash wote mama zao walikuwa masuria. Virginia ilipitisha sheria mwaka 1662 kwamba mtoto hufuata hali ya mama, basi, baba awe nani. Frederick Douglass, mtumwa aliyekuja kuwa mpinga utumwa mashuhuri, alikua akisikia minong'ono kwamba baba yake ni bwana wake mweupe. Haikumsaidia kitu, ilibidi atoroke Baltimore mwaka 1838. Kwa sheria ile mwenye shamba aliweza kumzaa mtoto na kumuuza.

Kaskazini nako msiwape watu mabawa ya malaika. Viwanda vya nguo vya Massachusetts vilisokota pamba ya Kusini, na wafanyabiashara wa New York waliikopeshea fedha, waliikatia bima na kuisafirisha Liverpool. Januari 1861 meya wa New York, Fernando Wood, alipendekeza jiji nalo lijitenge, biashara isiharibike. Wakulima wengi weupe wa magharibi waliupinga utumwa usifike kwao kwa sababu hawakutaka kushindana na kazi isiyolipwa, na wengine hawakutaka mtu mweusi kabisa, huru au mtumwa. Oregon mwaka 1857 walipiga kura wakakataa utumwa, na kwenye kura hiyo hiyo wakakataza weusi huru kuhamia huko. Insha yako ikiwa na Oregon ndani yake, msahihishaji atajua umesoma.

Mapatano ya wanasiasa yakariri haraka, usiyafie: 1820 Missouri na mstari wake kwenye ramani, ambao kaskazini yake utumwa ulikatazwa, 1850 California kuingia bila utumwa, 1854 Kansas na Nebraska ambako mstari ule ulifutwa na wakaazi wakaambiwa waamue kwa kura, wakaamua kwa bunduki. 1857 Mahakama Kuu ikamwambia Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake, kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia. Kila mara ugomvi ulikuwa juu ya ardhi mpya.

Pa kutulia ni sheria ya watoro ya 1850. Aliyekamatwa kwa tuhuma za kutoroka hakuruhusiwa kujitetea kwa ushahidi wake mwenyewe wala kupata baraza la wazee wa mahakama. Kamishna aliyemsikiliza alilipwa dola 10 akimrudisha utumwani, dola 5 akimwachia. Sababu iliyotolewa ni kwamba kurudisha kuna makaratasi mengi zaidi. Mwaka 1854 mtoro Anthony Burns alipotolewa Boston kurudishwa Virginia, askari walijipanga barabarani hadi bandarini, na watu wakaning'iniza vitambaa vyeusi madirishani kama kuna msiba. Watu waliokuwa hawajali siku ile walijali.

Sheria hii ndiyo dawa ya mtego wa mtihani, ule wa kusema Kusini ilipigania "haki za majimbo", si utumwa. Kusini hao hao waliodai serikali kuu isiingilie majimbo ndio waliodai serikali kuu iende Boston ikawakamatie watu. Na msibishane sana, someni walichoandika wenyewe. Mississippi ilipojitenga Januari 1861 ilitangaza wazi kwamba msimamo wake umefungamana na utumwa, ikauita maslahi makubwa kuliko yote duniani. Ushuru wa forodha mnaoupenda kwenye insha uliwagombanisha kweli, hasa 1832, lakini tafuteni uko wapi kwenye tangazo lile.

Lincoln sasa anaweza kuingia. Alishinda urais Novemba 1860 kwa kura kama asilimia 40, akiahidi kuzuia utumwa usienee. Pale ulipokuwepo alisema hataugusa. South Carolina ikajitoa Desemba 20, kabla hajaapishwa.

Mkiulizwa haya yanatuhusu nini, semeni merikani. Baada ya mkataba wa 1833 na Sayyid Said, meli za Salem, bandari ya Massachusetts, zilileta Unguja nguo hiyo, ngumu ya pamba isiyopaushwa, zikaondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Pamba yake ilichumwa na watumwa wa Kusini, ikafumwa Kaskazini, ikapanda vichwani mwa wapagazi hadi Tabora na Ujiji, ambako ilinunua pembe na ilinunua watu pia. Vita vilipoanza pamba ikakatika, merikani ikaadimika, na nguo za Kiingereza na za Bara Hindi zikashika soko. Jina halikuondoka. Bibi yangu aliita merikani mpaka anafariki, na yake ilitoka kiwanda cha hapa hapa Dar es Salaam.