Usitume arbuni kabla hujalala chini ya hiyo pikapu

Usitume hiyo arbuni. Umesema umepata pikapu ya dizeli ya mkono wa pili hapa Malindi, ya kabini moja, ya kubebea samaki wa Ngomeni na maembe ya Magarini. Umeambiwa injini haijawahi kufunguliwa, na dalali anataka pesa kabla ya magharibi kwa sababu eti yuko mteja mwingine. Unauliza dizeli au petroli, inakunywa mafuta kiasi gani, na kama itafika Mpeketoni wakati wa mvua bila kuwa 4x4. Kuhusu chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, hukuuliza hata neno moja, na ndiko pesa zako zitakakopotelea.

Yangu nilitajiwa sifa hizo hizo. Ilishika mara moja, moshi haukuonekana, tukazunguka nayo hadi Casuarina na kurudi, gia zinaingia laini, klachi haitelezi. Chini ilikuwa imepakwa lami nyeusi inayong'aa. Dalali akaniambia hiyo ndiyo kinga ya chumvi, dalili ya mwenye gari mwenye kutunza. Fundi wa kuikagua alimleta dalali huyo huyo. Akainama, akamulika tochi upande mmoja, akainuka akasema chuma hiki kitawafaa wajukuu. Nilikuja kusikia kwamba alikatiwa chake katika pesa zangu. Nikasaini.

Lami ile ilikuwa imepakwa juu ya kutu. Tulikuwa tunatoka Gongoni na masanduku ya samaki na barafu, tukapanda tuta, nyuma pakalia mshindo na bodi ikalala upande. Reli ya kushoto, mojawapo ya vyuma viwili virefu vya chasisi, ilikatika juu ya ekseli ya nyuma, pale inapopinda kwenda juu. Fundi wa kuchomelea alipoikwangua lami, reli ilikuwa kama mnazi ulioliwa na mchwa: nje gome, ndani unga. Mzigo ukaoza juani kabla hatujapata gari la kuuhamishia, na wenye samaki wao hawakutaka kusikia habari za chasisi.

Elewa inavyokuwa, maana hapa pwani hili si bahati mbaya ya mtu mmoja. Reli za pikapu nyingi ni kama sanduku, zina uwazi ndani. Mchanga na tope huingia humo na kuziba matundu ya kutolea maji. Gari la samaki hudondokewa na maji ya chumvi kutoka masanduku ya barafu kila safari, na lililofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi kati ya Gongoni na Marereni hubeba chumvi yenyewe. Chumvi huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo chuma hubaki na majimaji hata mwezi ambao mvua haikunyesha. Kutu huanzia ndani, hutoka nje ikiwa imeshamaliza. Ukipaka lami juu yake, unyevu unafungiwa humo na kutu inaendelea na kazi gizani.

Kuchomelea hakukunisaidia. Ukiweka bamba juu ya chuma kilichokonda, moto unakitoboa, na pale panaposhika panakatikia pembeni. Ikabidi nitafute chasisi nyingine. Sasa kumbuka namba ya chasisi imegongwa kwenye reli yenyewe na ndiyo iliyo kwenye logibuku. Ukibadilisha, lazima mabadiliko yaandikishwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na gari limesimama, na mkopo hausimami. Injini ikifa unaweza kupata nyingine Mombasa, ukaifunga ukaendelea. Chasisi ndiyo inayobeba injini, kabini, springi na mzigo wako.

Kwa hiyo kabla ya ufunguo kuzungushwa, lala chini. Nenda na kitambaa, tochi, bisibisi na nyundo ndogo. Gonga reli zote mbili kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti nzito ya kufa, na bisibisi inazama. Kaa sana juu ya ekseli ya nyuma, mahali springi zinaposhikiliwa, na kwenye chuma cha kukingama karibu na tairi la akiba. Fuata mabomba ya breki yanayopita kando ya reli, nayo ni chuma na yanaliwa vile vile. Lami mpya ikwangue. Mwenye gari akikataa usiikwangue, jibu umeshalipata. Kisha rudi nyuma hatua chache utazame mwanya kati ya kabini na bodi: ukiwa mpana juu na mwembamba chini, gari limeshaanza kupinda mgongo.

Na fundi umlipe wewe, umtoe kwako. Huyu anayeletwa na dalali anakula kwa pande zote mbili, na hasira niliyo nayo kwao haijapoa. Mtu anaona reli imeoza, anakutazama usoni akijua utapakia watoto wako mle, anasema iko sawa!

Wengine hapa watakuambia Toyota haiozi. Marekani, kampuni hiyo ilikubali mwaka 2016 kumaliza kesi ya kutu ya chasisi, na pikapu zake za Tacoma za miaka 2005 hadi 2010 zilikuwemo. Thamani ya makubaliano ilikadiriwa kufika dola bilioni 3.4. Huko chumvi ni ile inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Japani nako, sehemu za theluji, wanaimwaga. Ukiambiwa gari limetoka Japani moja kwa moja, omba karatasi ya mnada, ile inayoandikwa hali ya gari linapouzwa huko: herufi S ni kutu, C ni kutu iliyokula chuma.

Injini itazame asubuhi ikiwa baridi. Ukiikuta boneti ina joto, mtu ameshaiwasha kukufichia kitu. Fungua kifuniko cha oili inapounguruma uone kama inapumua moshi kwa nguvu. Halafu iendeshe ikiwa na mzigo, maana pikapu tupu zote ni nzuri. Dizeli inafaa kwa mzigo, ila nozeli, zile zinazopulizia mafuta ndani ya injini, za hizi za kisasa hazivumilii mafuta machafu. Hayo mengine utaulizia ukishajua kuna chasisi ya kuyabeba.

Mwambie dalali utafika kesho asubuhi na fundi wako na nyundo. Akikataa, mwachie huyo mteja wake. Akikubali, piga picha za reli zote mbili juu ya ekseli ya nyuma kabla hazijapitishwa brashi tena, uziweke hapa tuzitazame.