Leza inaonaje gesi isiyoonekana?

Swali: Shikamoo mhandisi. Wiki iliyopita mafundi walipita mtaani kwetu hapa Dar es Salaam kukagua bomba la gesi asilia. Mmoja alisimama ng'ambo ya barabara, akaelekeza kifaa kama tochi ukutani kwetu, nukta ya kijani ikatembea juu ya bomba, akasema hapavuji. Amejuaje bila hata kusogea? Na angeweza kunikagulia mtungi wa jikoni kwa kifaa hichohicho?

Jibu: Marahaba. Nukta ya kijani ni ya kulengea tu. Kazi inafanywa na mwale wa pili, wa leza ya infraredi, ambao jicho halioni, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1,653 hivi. Methani, ambayo ndiyo karibu gesi yote ya bomba hilo, humeza mwanga wa hapo hasa. Nitrojeni na oksijeni haziugusi.

Mwale unagonga ukuta, na sehemu ndogo sana inarudi kwenye lenzi. Sasa, kifaa kinajuaje kama mwanga umepunguzwa na gesi, si na vumbi au rangi nyeusi ya ukuta? Hapa ndipo penye ufundi wenyewe. Leza haitulii kwenye wimbi moja. Inapandishwa na kushushwa kidogo, tena na tena kwa kasi kubwa. Vumbi na rangi hupunguza mwanga wote sawasawa. Methani inang'ata mahali pamoja tu, na kifaa kinatafuta alama ya jino hilo.

Namba ya kwenye skrini huwachanganya wengi. Ni ukolezi wa gesi mara urefu wa njia ya mwale: wingu la ppm 100 (sehemu 100 za gesi katika milioni moja ya hewa) lenye upana wa mita 1, na ppm 1 iliyoenea mita 100, vyote vinasomeka 100 mwale ukipita mara moja. Hewa ya kawaida ina methani karibu ppm 1.9, kwa hiyo mwale uliokwenda mita 30 na kurudi umeshakusanya kama 114 hata pasipovuja kitu. Fundi makini hupitisha mwale taratibu kwenye viungio na vali, akitazama namba inaporuka ghafla. Upepo ukiwa mkali wingu hutawanyika. Mimi siridhiki na kupitisha mara moja.

Tabia hiyo ya kumeza infraredi, ingawa kwenye mawimbi marefu zaidi, ndiyo inayoifanya methani kuwa gesijoto kali: kwa miaka 20, tani yake moja hupasha dunia zaidi ya mara 80 ya tani ya kaboni dioksaidi. Kiungio kidogo kinachovuja si jambo la kupuuza.

Mtungi wako, hapana. Una propani na butani, ambazo hazina alama ile. Ungeweza kuvuja mbele ya kifaa na skrini ikanyamaza. Paka povu la sabuni kwenye kichwa cha mtungi na kwenye mpira wote. Mapovu yakifura, funga mara moja. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni, kwa hiyo fungua mlango, usitegemee dirisha peke yake, na usiguse swichi ya taa.