Maswali Yenu: Dawa ya Wadudu ya "Nano ya Majani", Haina Madhara Kweli?

SWALI: Habari za kazi. Kuna mtu ananiuzia dawa ya kupulizia vidukari na viwavi, anadai ni nano silva ya mwarobaini, eti haina madhara hata kidogo kwa kuwa ni mmea mtupu. Mimi silva naijua kwenye pete na mikufu, bustanini imefuata nini? – Mwenye bustani

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Mmea mtupu hapo hamna. Kinachoua zaidi ni madini, majani ndiyo yaliyotumika kuyatengeneza.

Iko hivi, majani yanachemshwa, yanachujwa, halafu yale maji ya njano yanachanganywa na silva naitreti iliyoyeyushwa, ambayo ni chumvi ya silva. Ndani ya maji ya majani kuna finoli, flavonoidi na vingine vingi vinavyotoa elektroni, silva ikizipokea inarudi kuwa metali, vinatokea vipunje vidogo mno, na protini za jani zinavizunguka visishikane vikawa bonge. Ukikaa pale unaona rangi inahama yenyewe, njano inakuwa kama asali, mwisho kahawia iliyokolea, maana vipunje vya silva vya ukubwa ule vinameza mwanga wa buluu, mawimbi ya nanomita 400 na kitu. Vipunje hivyo ndivyo vinaitwa nanochembe, kitu cha kati ya nanomita 1 na 100. Unywele wako mmoja una unene wa kama nanomita 80,000, sasa piga hesabu.

Sasa hiyo sifa ya urafiki na mazingira wanayoitangaza wauzaji imetoka wapi? Imetoka kwenye utengenezaji. Kazi ileile inaweza kufanywa kwa kemikali kama sodiamu borohaidraidi au haidrazini, na haidrazini ni sumu kwelikweli, kwa hiyo jani likichukua nafasi yake ni hatua nzuri, sibishi. Ila sifa hiyo inaishia kiwandani. Haikwambii dawa itafanya nini ikishamwagika shambani, na hapo ndipo wauzaji wanapowachanganya watu, wengine kwa makusudi kabisa.

SWALI: Kwani inamuuaje mdudu? Na kama inaua vizuri hivyo mbona haijajaa kila mahali? – Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Njia ziko kadhaa. Kiluwiluwi cha mbu ana vibrashi mdomoni, muda wote anavuta maji na kumeza vinavyoelea, kwa hiyo vipunje anavila mwenyewe, vikifika tumboni vinaachia ayoni za silva, yaani chembe za silva zenye chaji ya umeme, zinashika salfa iliyoko kwenye protini, vimeng'enya (protini zinazoendesha kazi za mwili) vinaharibika na seli zinakufa. Kwa fukusi wa nafaka kuna njia nyingine, hasa ukitumia alumina, yaani oksidi ya alumini, unga unanata mwilini unaharibu ile nta inayozuia maji yasitoke, mdudu anakauka.

Majaribio mengi mno yamefanywa kwa viluwiluwi, wa aina tatu za mbu, Aedes aegypti, Anopheles stephensi na Culex quinquefasciatus, kwenye vikombe vya maji safi maabara, baada ya saa 24 wanahesabu waliokufa. Matokeo yanapendeza sana kwenye karatasi. Sasa peleka kwenye dimbwi lenyewe: kuna chumvi, na kloraidi inaishika silva inakuwa kitu kisichoyeyuka, kuna tope na majani yaliyooza yanavifunika vipunje, jua nalo lipo. Kikombe na dimbwi ni vitu viwili mbalimbali. Halafu majani yenyewe hayafanani, ya kiangazi na ya masika yana kemikali kwa viwango tofauti, ukitengeneza leo na mwezi ujao unaweza kupata vipunje vya saizi nyingine kabisa na nguvu nyingine. Mimi nikiulizwa kikwazo kikubwa ni kipi, nasema hicho.

SWALI: Nina bwawa la samaki chini ya shamba, nipulizie? – Mfugaji

JIBU: Usipulizie dada. Silva ni katika metali kali zaidi kwa viumbe wa majini, vile vidudu vya maji viitwavyo Daphnia ambavyo samaki wadogo wanakula vinaweza kufa kwa mikrogramu chache tu za silva iliyoyeyuka kwa lita moja. Azadiraktini, ile kemikali ya mwarobaini inayodhuru wadudu, inavunjwavunjwa na jua ndani ya siku chache, lakini metali haiozi, inabadilika umbo tu inabaki udongoni au kwenye tope, na bakteria wazuri wa udongo nao silva haiwabagui. Kama dawa ni ya zinki au shaba badala ya silva, hizo angalau mmea unazihitaji kidogo, ila zikizidi nazo ni sumu.

SWALI: Mwarobaini ninao, hiyo silva naitreti nikiipata si najitengenezea nyumbani? – Fundi

JIBU: Hapana fundi, achana nayo. Inachoma macho, inaacha madoa meusi kwenye ngozi, na ukimaliza hujui umepata nini maana rangi ya kahawia haikwambii saizi, inataka hadubini ya elektroni. Kama mwarobaini unao tumia mbegu zake moja kwa moja, twanga kokwa gramu 50, loweka kwenye lita moja ya maji usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, pulizia jioni jua likishapungua. Viwavi hutawaona wakidondoka papo hapo, wanaacha kula na wanashindwa kujivua gamba, kwa hiyo usikate tamaa kesho yake ukiwakuta bado wapo.

SWALI: Nimuulize nini muuzaji? – Mnunuzi

JIBU: Metali gani, kiasi gani kwa lita, vipunje saizi gani, imesajiliwa na mamlaka ya viuatilifu kwa zao lipi na wadudu gani, na baada ya kupuliza unasubiri siku ngapi ndipo uvune. Akianza tu na "ni ya asili hii", mrudishie chupa yake.