Muulize Mwalimu: Bei ya kitunguu si roketi

Shikamoo Mwalimu. Naandika ripoti za bei za mazao katika ofisi moja hapa Dodoma. Juzi niliandika "The price of onions blasted off." Mkuu wangu akaisoma kwa sauti mbele ya wenzangu, wakacheka hadi chai ikamwagika. Kamusi inasema blast off, soar, surge, skyrocket na shoot up yote ni kupanda. Nimekosea wapi? – Binti wa Makole

Marahaba, binti yangu. Sarufi yako haina tatizo. Blast off ni ya roketi: moto chini, moshi, kishindo, chombo kinaachana na ardhi. Kitunguu cha soko la Majengo hakina kishindo hicho, hata kikifika bei ya kukuliza kabla hujakimenya. Na kamusi za visawe usiziamini sana. Zinakusanya ndugu wote sebuleni bila kukwambia nani na nani hawasalimiani.

Soar ni mwewe. Jua likishapasha majabali ya pale Mlimwa, mtazame: anazunguka, mabawa katandaza, hapigi hata moja, na bado anazidi kwenda juu. Neno lilipitia Kifaransa cha zamani, na ndani yake mna neno la Kilatini la hewa. Ukiandika prices soared, msomaji anaiona bei iko juu kabisa na haina haraka ya kushuka.

Surge ni korongo, lile la maji ya mvua, si ndege. Sisi wa huku hatuhitaji kufundishwa. Asubuhi ni mchanga mtupu, mbuzi wanavuka. Mvua inanyesha huko milimani, hapa hata wingu hulioni. Saa tisa unasikia mngurumo, maji mekundu hayo, yamebeba magogo na ndala ya mtu. Kitu kingi, kwa nguvu, kwa mkupuo. Ndiyo maana umeme ukija ghafla ukaunguza friji, Waingereza wanauita surge. Kwa bei linafaa. Kwa wanunuzi waliomiminika sokoni kwa pamoja linafaa zaidi.

Skyrocket ilikuwa fataki, ikawa neno la magazeti. Lina chumvi, liache huko. Shoot up ni la mazungumzo: mtoto wa jirani uliyemwacha anakufika kiunoni, leo yuko begani. Lina na maana ya kujidunga dawa za kulevya, kwa hiyo uangalie unapoliweka.

Mimi ningeandika "Onion prices rose sharply", kisha nikataja gunia lilikuwa shilingi ngapi na sasa ngapi. Ila rise isije ikawa raise! Rise ni panda, raise ni pandisha, na anayepandisha lazima awe na cha kupandisha. Hilo nimelisahihisha kwa wino mwekundu miaka thelathini na bado nakutana nalo.

Mwalimu, kwetu Pwani jahazi tunalishua, satelaiti inarushwa, kitabu kinazinduliwa. Mbona Kiingereza ni launch tu kwa yote? – Mzaliwa wa Pangani, sasa Mpwapwa

Kwa sababu chini yake kuna mkuki. Launch lilitoka kwa Wafaransa wa Normandy, na ni ndugu wa lance, yaani mkuki. Yupo anayerusha, kipo kinachorushwa. Kilichobadilika ni mkuki tu: leo meli, kesho roketi, keshokutwa kampuni. Sisi tumechukua njia nyingine. Aliyezirai huzinduka, kwa hiyo kuzindua ni kuamsha. Tarehe 1 Agosti 2024 Rais Samia alipozindua safari za treni ya SGR ya Dar es Salaam na Dodoma, kwa Kiswahili aliiamsha, kwa Kiingereza aliirusha. Mimi naipenda ya kwetu.

Neno hili liliniaibisha mwaka wangu wa kwanza kazini. Ndege ilinguruma juu ya darasa, ndiyo kwanza imetoka uwanja wa hapa mjini, nami nikaona nimepata mfano. Nikaandika ubaoni: "The aeroplane is launching." Mkaguzi alikuwa kakaa dawati la nyuma. Akaja taratibu, akafuta neno moja kwa kiganja, akaandika taking off, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nani kairusha?"

Na kinyume chake? Bei ikiporomoka ghafla? – Mkulima wa zabibu, Hombolo

Plunge, kama jiwe linavyotumbukia kisimani. Ukitaka mauzo yaliyodorora, wao husema slump, na hilo zamani lilimaanisha kuzama topeni. Wazee wa Kigogo husimulia kwamba mji huu ulipata jina kwa tembo aliyekwenda kunywa maji, akadidimia kwenye tope: idodomya. Huyo tembo ndiye slump.