Fremu ya kaboni ya mtumba, chumvi ya Lindi na mkwaruzo kwenye bomba la chini

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Lindi mjini, nimenunua baiskeli ya resi ya mtumba, fremu kaboni. Washkaji wa kijiweni wananitisha eti ile ni plastiki, ikizeeka inakatika ghafla, na huku baharini chumvi inaila. Halafu bomba la chini lina alama kama lilipigwa jiwe, rangi imebanduka. Nataka niwe naenda nayo Mtwara kila mwezi na ikibidi nifunge keria. Ni salama?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nianze na hilo la plastiki maana ndo linawatisha wengi. Boti za faiba hapo pwani unazijua, nyuzi za kioo zimelowekwa resini, yaani gundi ya maji inayokauka, zikakauka zikawa kitu kimoja kigumu, basi fremu yako ni ndugu wa ile boti ila nyuzi zake ni za kaboni na resini yake ni epoksi. Dreamliner ya Air Tanzania, karibu nusu ya uzito wa bodi lake ni vitu vya jamii hiyohiyo. Na kwenye baiskeli sio mambo ya jana, Mmarekani Greg LeMond alichukua Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, mwaka 1986 akiwa juu ya fremu ya kaboni.

Umri peke yake hauiui. Alumini ndo inachoka, kila mtikisiko unakula kidogo mpaka siku ufa unatokea, kaboni iliyotengenezwa vizuri inavumilia mitikisiko kuliko hiyo. Kinachoiua ni kugongwa ubavuni na kubanwa. Nyuzi zina nguvu ajabu ukizivuta kwa urefu wake, lakini jiwe likipiga kwa pembeni matabaka yanaweza kuachana kwa ndani huku nje unaona kialama tu. Chuma kikipigwa kinabonyea unakiona, kaboni inaweza kukuficha. Kwaiyo mimi usinitajie miaka wala kilomita, niambie imeanguka mara ngapi na nani alikuwa anakaza nati zake, na kwa mtumba hilo hatulijui, ndo maana lazima tuikague.

Chukua sarafu ya mia mbili, kaa sehemu yenye ukimya, gonga taratibu kuanzia mbali na ule mkwaruzo ukiusogelea sentimita kwa sentimita. Sikiliza kama unavyogonga nazi sokoni. Sauti kavu, kali, ti ti ti, hapo pazima, ikigeuka ghafla ikawa nzito kama unagonga kadibodi, hapo matabaka yameachana. Karibu na maungio sauti inabadilika yenyewe kwa sababu ukuta ni mnene, usishtuke. Halafu pabonyeze kwa kidole gumba, pakinesa au pakilia, au ukiona nyuzi zimechomoza, usiipande kabisa. Na hata sauti ikiwa safi usiache kupaangalia, kugonga kunakamata mengi ila sio yote. Uma wa mbele pamoja na shina lake linaloingia kwenye usukani uchomoe wote uuangalie, maana fremu ikipasuka pengine utaisikia inalia kabla, lakini shina la uma likikatika unatua kwa uso. Uma wenye ufa haurekebishwi, unatupwa.

Chumvi haili kaboni. Inakula alumini inayogusana na kaboni, kwa sababu kaboni inapitisha umeme, sasa ukiweka maji ya chumvi katikati inakuwa kama betri na alumini ndo inayoliwa. Unaona unga mweupe, inavimba, mti wa siti, lile bomba linaloshika siti, unang'ang'ania ndani. Hapa Mtwara nimeletewa fremu ambayo fundi alitaka kuutoa mti wa siti kwa kuupasha gesi, epoksi ikaungua, rangi ikatoka mapovu, fremu nzuri kabisa ikawa ya kutupa, iliniuma sana. Wewe utoe kila mwezi, ufute, rudishia na ile pasta maalumu ya kaboni, sio grisi, grisi inateleza utajikuta unakaza kupita kiasi. Nati za usukani na siti nyingi zimeandikwa namba, mara nyingi nyutoni mita 5 hivi, ndo kipimo cha nguvu ya kukaza, na hiyo 5 ni kidogo kuliko mkono wa fundi aliyezoea baiskeli za chuma za Phoenix. Spana yenye kipimo ni lazima, hapo sikubembelezi.

Jua linaharibu epoksi iliyo wazi, ila rangi na vanishi vinaikinga, kwaiyo pale palipobanduka pakishapita kwenye ukaguzi pazibe na rangi.

Ukikuta kweli pameachana usiipeleke kwa fundi wa boti. Wengi wanatumia resini ya poliesta, haishiki vizuri juu ya epoksi iliyokwisha kauka. Kaboni inasagwa kwa mteremko tabaka kwa tabaka halafu inavikwa kaboni mpya kwa epoksi, na ikifanywa hivyo inarudi na nguvu zake.

Keria hapana. Vibano vyake vinafinya mabomba ya nyuma yale membamba, na gunia la korosho halijawahi kuwa kazi ya fremu hiyo. Begi la mgongoni linatosha kwa hizo kilomita 100 na ushee. Ila kabla ya safari ya kwanza toa mti wa siti leo, ukigoma usiupige nyundo wala moto, nitumie picha yake na ya ule mkwaruzo kwa karibu, mchana, pakiwa pamefutwa vumbi.