Paneli au Vioo kwa Mgodi Ulio Mbali na Gridi?

SWALI: Mhariri, mgodi wetu mdogo wa dhahabu wilayani Chunya hauna umeme wa gridi, na makarasha na pampu huendeshwa kwa jenereta za dizeli. Je, tufunge paneli za kawaida za sola au vioo vinavyokusanya mwanga wa jua ili joto lake litoe mvuke wa kuzungusha mashine ya umeme?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa kuwa mnahitaji umeme wa kuzungusha mota, fungeni paneli. Vioo hutegemea miale inayotoka kwenye jua moja kwa moja, kwa hiyo wingu au vumbi lililotanda huvilemaza, ilhali paneli huendelea kutoa umeme, japo kidogo, hata kwa mwanga uliotawanyika. Tena vioo hudai mitambo ya kulifuata jua, mabomba ya moto na mashine ya mvuke yenye mafundi wake. Mzigo huo hubebeka katika kituo kikubwa kama Noor cha Ouarzazate, nchini Moroko, chenye megawati 510 za vioo, ambacho huhifadhi joto katika chumvi iliyoyeyushwa ili kizalishe umeme hata baada ya jua kuzama.

Jibu lingekuwa tofauti kama mngehitaji joto lenyewe. Katika uwanja wa mafuta wa Amal, kusini mwa Oman, vioo vilijengwa ndani ya nyumba za kioo ili kuvikinga na vumbi na upepo, na mvuke wake ukaelekezwa ardhini kulainisha mafuta mazito.

Jenereta msiziuze. Makarasha yasage mawe mchana kwa umeme wa paneli, na dizeli ibaki kwa pampu za usiku, ambazo haziwezi kusimama bila maji kujaa shimoni.