Kazi kwenye duka la familia, huna mkataba

Dada, umesema duka la vifaa vya ujenzi ni la mzee, mkewe yuko kaunta, kijana wao ndo meneja, na wewe mwaka wa pili huna mkataba, ukiomba likizo unaambiwa "sisi hapa ni ndugu". Aisee nakuelewa, mi nishakaa sehemu kama hiyo, mzee anatoa oda, mama anaifuta, jioni kijana anakuja kuuliza nani kakwambia ufanye hivyo, na mshahara unaingia vipande vipande kwa M-Pesa ya shangazi yao. Uzuri upo lakini, ukifiwa wanafunga duka wanakuja wote msibani.

Ila NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni hapa Tanzania, usione aibu kuidai. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara na mwajiri anatoa angalau nusu yake, likizo ya mwaka ni siku 28 kisheria. Mfuate mzee mwenyewe asubuhi kabla wateja hawajajaa, sio mbele ya mwanae, muombe mkataba wa maandishi. Meseji za malipo usifute hata moja. Wakikutimua ghafla nenda CMA, ile tume inayosuluhisha migogoro ya kazi, ndani ya siku 30, zikipita inabidi uanze kuomba kibali cha kuchelewa na hapo ni mlolongo balaa.